Mshenga wa Profesa Chigwile

Kila alfajiri, kabla jua halijachungulia mji wa Same, Mnara wa Saba hutoka jasho. Nyavu zake elfu kumi na mbili, nyembamba kuliko utando wa buibui, huipoza hewa mpaka mvuke uliomo ugeuke matone. Matone hukutana yakawa michirizi, na michirizi hushuka ndani ya mguu wa mnara hadi kwenye ndiva, lile bwawa la udongo ambalo Wapare walilichimba kwa majembe mlimani kabla mtu yeyote hajaota habari za minara-umande. Kutoka ndiva maji huteremka kwa zamu hadi tambarare. Palipokuwa vumbi jekundu na mkonge uliokonda, leo pana jiji la watu milioni mbili, na wote wanakunywa hewa.

Aliyeibuni minara hiyo ni Profesa Elieza Chigwile, na hapana mtoto wa shule asiyemjua. Magazeti yameandika viatu vyake, kikohozi chake, hata namna anavyokunja karatasi. Kuhusu mapenzi yake yameandika sentensi moja tu, ile ile kila mwaka: Profesa hakuoa mke, alioa minara.

Magazeti hayakumuuliza Nakijwa Mchome.

Nakijwa alikuwa mgawa zamu wa ndiva, mjane wa miaka hamsini na minne, mwanamke ambaye akisema maji yafungwe, yanafungwa. Kwa miaka kumi na tisa, kila Alhamisi jioni, Profesa aliingia jikoni kwake kwa mlango wa nyuma, akala makande, akaosha sahani yake mwenyewe, na wakazungumza mpaka mishumaa ya nyota ikawashwa na mbingu yenyewe. Hakumficha kwa kumwonea aibu. Aliwaogopa waandishi. "Watakugeuza habari," alimwambia, naye Nakijwa alimwamini, kwa sababu alimpenda. Hilo halina mjadala.

Lakini penzi la mlango wa nyuma nalo huchosha. Majuma mawili kabla ya siku tunayoisimulia, Nakijwa aliweka upawa chini akasema, "Elieza, nimechoka kuwa Alhamisi. Kama unanitaka, leta mshenga kwa baba mdogo, Jumamosi, mchana, watu waone. Usipoleta, usirudi tena hapa kula."

Profesa, aliyezoea kubishana na mawaziri bila kupepesa, alikuna kichwa kama mwanafunzi aliyesahau daftari. "Nitaleta," alisema.

Basi Jumamosi ikafika. Baba mdogo Kajiru, aliyemlea Nakijwa tangu babake alipofariki, aliketi sebuleni kwake, kijijini mlimani, amevaa koti lake la harusi za watu. Kando yake alikaa jirani, Mzee Mbazi, aliyeitwa awe shahidi. Nakijwa alikuwa chumba cha ndani na Shangazi Namkunda, kwa kuwa anayeposwa haonekani, hata kama ana mvi. Aliapa kwamba saa nane ikipita bila hodi, mlango wa nyuma wa jikoni kwake ataupigilia misumari.

Saa saba na nusu hodi ilibishwa.

"Karibu!"

Aliyeingia hakuwa mtu. Kilikuwa chombo cha kijivu, kimo cha mtoto wa darasa la saba, kikitembea kwa adabu, mikononi kimebeba bahasha iliyofunikwa kitambaa cheupe.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," aliitikia Baba mdogo, kisha akamtazama vizuri aliyemwamkia. Uso ulimkunjamana, maana marahaba ikishatoka hairudi.

Wote walikitambua. Kilikuwa kisemakweli. Profesa aliviunda vyombo hivyo baada ya mwaka mmoja mbaya ambapo maofisa walivipamba vipimo vya maji, na mitaa mitatu ikakaa na kiu huku takwimu zikicheka. Kisemakweli husoma vipimo na kuvitangaza, na kimejengwa kwa namna ambayo hakiwezi kutamka jambo kisiloliamini kuwa kweli. Ukikiomba kidanganye, kinanyamaza.

"Nimetumwa na Profesa Elieza Chigwile," kilisema. "Nimeleta barua ya posa kwa binti yenu Nakijwa."

Mzee Mbazi alipaliwa na chai. Furaha ilimjia Baba mdogo kwanza, hatutamsingizia. Lakini hasira ikaipita mbio.

"Mtu mkubwa hivyo amekosa binadamu wa kumtuma? Anatuona sisi bomba, tuletewe kipimo? Chukua barua yako uende, mwanangu, au sijui hata nikuite nani."

Nyuma ya pazia Nakijwa alitamani ardhi ipasuke. Miaka kumi na tisa, kisha aibu hii! Lakini Shangazi Namkunda, mwanamke asiyepitwa na neno, alipaza sauti kutoka ndani: "Kaka, muulize kwanza! Tangu lini mshenga akafukuzwa bila kuulizwa?"

Hilo lilikuwa kweli. Mshenga huulizwa habari za aliyemtuma, na tangu dunia iumbwe washenga wamejibu kwa sukari. Hakuna mshenga aliyewahi kuleta posa ya mlevi. Huleta ya mtu anayependa watu. Baba mdogo akavuta kiti mbele.

"Haya. Huyo bwana wako anakoroma?"

"Sana."

Shangazi alijiziba mdomo kwa kanga.

"Ana hasira?"

"Kwa vifaa, ndiyo. Kwa watu, husahau kwamba wapo."

"Ana ndugu?"

"Alikuwa na kaka mmoja, Mathayo. Alifariki miaka minane iliyopita. Siku ya maziko Profesa alikuwa akiwasha Mnara wa Tano. Watoto wa Mathayo hawapokei simu zake."

Baba mdogo alitikisa kichwa taratibu. Kuna makosa watu husamehe, na kuna kutozika.

"Na rafiki? Hata mmoja?"

"Juzi aliniamuru nimsomee majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Yalikuwa zaidi ya elfu tisa. Kwa kila jina aliniuliza kama mtu huyo aliwahi kula kwake, au yeye kula kwa mtu huyo, bila shughuli ya kazi. Tulifika jina la mwisho bila kumpata wa kutumwa. Akakaa. Kisha akasema, 'Basi nenda wewe.'"

Miaka yote ile Nakijwa aliamini kwamba amewekwa pembeni ya maisha ya mtu mkubwa, kwamba mahali fulani kuna nyumba imejaa wageni na vicheko ambamo yeye hakualikwa. Kumbe nyumba hiyo haikuwapo. Alhamisi ndiyo iliyokuwa maisha yote ya Elieza. Machozi yalimtoka Nakijwa, na hakuyafuta.

Baba mdogo alikohoa. "Anampenda binti yetu?"

"Sina kipimo cha hilo," kilijibu kisemakweli. "Nina kumbukumbu tu."

"Toa hizo."

"Mnara wa Saba ulipangwa kujengwa tambarare, karibu na jiji. Huko ungekamilika kwa mwaka mmoja. Profesa aliupandisha mlimani, juu ya mwamba, ambako kila mhandisi alisema hautasimama. Alitumia miaka mitatu, na kikohozi chake kilianzia kwenye vumbi la mwamba ule. Nilimwuliza sababu. Alisema ukijengwa tambarare ndiva itaachwa ikauke, na mgawa zamu hatakuwa na kazi. Akasema, 'Maji yaanzie kwake.'"

Dunia nzima ilikuwa imeandika vitabu kuhusu mnara uliosimama mahali pasiposimamika. Walisifu hesabu zake, na zilistahili sifa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu aanze na mahali pagumu.

"Hata hivyo," Baba mdogo alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole, "mshenga hula nyumbani kwa watu. Wewe huli. Siwezi kupokea posa kwa mkono usiokula."

Hapo Mzee Mbazi akasimama. "Ngojeni kidogo. Mwaka ule ukuta wa ndiva ulipobomoka, tukapuliza pembe la msaragambo watu wote watoke kuchimba, si alikuwapo Mgogo mmoja mwembamba amekuja kupima maji? Akatupa vipimo vyake, akaingia topeni nasi siku tatu, viganja vikamchubuka kama vya bwana harusi anayewalimia wakwe. Tukala makande pamoja juu ya tuta. Nakijwa ndiye aliyepakua."

"Ndiye," kilisema chombo.

"Sasa mbona hakunihesabu? Uliyechimba naye ndiva si mgeni wako."

"Jina lako halimo katika orodha. Hukuwahi kuwa na simu."

"Hata leo sina! Yuko wapi huyo mtu?"

"Juu ya tuta la ndiva. Amekaa pale tangu saa sita. Alisema nisiseme mpaka niulizwe."

Mzee Mbazi aliichukua bahasha na kitambaa chake, akatoka. Alirudi baada ya nusu saa, akabisha hodi kama mtu ambaye hajawahi kuuona mlango ule. Nyuma yake alisimama Profesa Elieza Chigwile, suruali imetapakaa udongo, hajui aiweke wapi mikono yake.

"Shikamoo, Mzee Kajiru. Nimetumwa na ndugu yangu," alisema Mzee Mbazi.

"Marahaba, mshenga. Karibu ukae." Safari hii marahaba ilitoka bila majuto. Kisha Baba mdogo akamgeukia Profesa. "Barua tutaijibu kwa utaratibu wetu, usituharakishe. Ila sharti moja nakupa leo. Kila msiba wa kijiji hiki, uje na jembe lako. Usitume chombo. Na utaanza kwenye kaburi la kaka yako."

"Nitakwenda," alisema Profesa.

"Anasema kweli?" Baba mdogo alikiuliza chombo.

"Sina kipimo cha kesho, Mzee."

Wote wakacheka, na kicheko kilikuwa bado hewani pazia lilipofunguka. Nakijwa alitoka na sinia la makande, mila ikamtazama na kunyamaza. Profesa, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, alinyanyuka aichukue sahani yake aelekee jikoni, kwenye mlango wa nyuma.

"Kaa hapo hapo, Elieza," Nakijwa alimwambia. "Kula hapa."

Akaketi, akala mbele za watu, Jumamosi, mchana kweupe.