Siagi Kwenye Adapta

Kila Jumamosi, kabla ya chai ya asubuhi, Velma alitandika taulo juu ya meza ya shangazi yake, Anti Adongo, akasafisha vifaa vya kupigia picha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na miguu isiyojua kutulia. Hata akiwa ameketi, kisigino chake kilipiga sakafu ya nyumba yao ya kambi ya majani chai mpaka jirani akagonga ukuta.

Kifaa alichokisafisha mwisho kilikuwa adapta. Kamera ya anti ilikuwa mpya, lakini lenzi yake ndefu ilikuwa ya zamani, tena ya kampuni nyingine, kwa hiyo midomo yao haikuingiana. Adapta, pete ya chuma isiyozidi upana wa kikombe, ilikaa katikati na kuziunganisha. Ndani yake mlikuwa na vidoti vya rangi ya dhahabu. Kamera ilituma ujumbe kupitia vidoti hivyo, nayo lenzi ikajivuta yenyewe mpaka uso wa mtu ukaonekana wazi.

"Vidoti vikichafuka, hawa wawili hawasikizani tena," anti alizoea kumwambia. "Futa mikono kwanza, ndipo uishike."

Jumamosi hiyo walikuwa na kazi Sigor, kwenye koito ya msichana aitwaye Chepkirui, yaani siku ambayo jamaa ya bwana arusi huja kumposa. Nyanya yake Chepkirui, ambaye wote walimwita Kogo, alikuwa amelazwa hospitalini Longisa kwa muda mrefu. Daktari alimruhusu aje kuwabariki wajukuu, kisha arudishwe siku hiyo hiyo. Mzee Kiplimo, mwanawe wa kwanza, aliwaonya wageni wote kwamba kila kitu kinaweza kuchelewa isipokuwa gari la mama yake.

Chepkirui alimvuta Velma kando. Alimwambia kwamba hakuwa na picha hata moja ambayo Kogo amemshika, na kwamba leo huenda ikawa nafasi ya mwisho. Zile nyingine zikikosekana, alisema, atavumilia. Hiyo, hapana.

Velma aliahidi. Tangu hapo akawa anazunguka ua mzima, mara mlangoni, mara dirishani, kamera ya pili ya anti, ya aina ile ile, ikining'inia shingoni, lenzi ndefu na adapta zikiwa mkobani.

"Wewe ni mpiga picha ama unatafuta network?" Janeffer, mdogo wake Chepkirui, alimtania.

Wazee walipokubaliana, Kogo aliletewa siagi katika kibuyu. Aliwapaka watu wa pande zote mbili, akiwatamkia maneno ya heri kwa sauti nyembamba. Alipomwona Velma akichungulia, alimwita naye, akampaka kwenye paji la uso na viganja. Janeffer alimnong'oneza asithubutu kuifuta, kwa maana baraka haifutwi machoni pa aliyeitoa.

Papo hapo Kogo akamwita bibi arusi ampake siagi na kumbariki. Watu wakasongamana, wakamsukuma Velma hadi mlangoni. Kutoka pale alihitaji lenzi ndefu. Anti alikuwa nje, akiwapiga picha wageni. Velma alikumbuka onyo lake. Angeweza kumwomba Janeffer amfungie adapta, lakini aliona kueleza kungechukua muda mrefu kuliko kutenda. Akaitia mwenyewe kwa vidole vinavyong'aa siagi.

Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena, ikikoroma kama mtu aliyepoteza kitu gizani. Velma alibonyeza tu. Kwenye kioo kidogo cha kamera picha zilionekana nzuri. Kogo alipomaliza, Velma alizikuza. Nyuso zote zilikuwa kama zimetazamwa kupitia mvuke wa sufuria.

Alitoka akazunguka nyuma ya jiko mara kadhaa. Akinyamaza, hakuna atakayejua mpaka wiki ijayo, picha zitakapokabidhiwa. Anti mwenyewe hulalamika kwamba lenzi imezeeka, kwa hiyo lawama ingepata pa kukaa. Akiwa bado anazunguka, alisikia injini ya gari. Kogo alikuwa ameshapandishwa.

Velma akakimbia, akasimama mbele ya gari.

"Toka njiani, mtoto," Mzee Kiplimo alisema.

"Picha za Kogo na Chepkirui zimeharibika," Velma alisema huku akihema. "Ni mimi nimeziharibu. Nilishika adapta na siagi mikononi."

Mzee alimjibu kwamba baraka hairudiwi kwa ajili ya kamera, akamwamuru dereva aondoke. Lakini Kogo aliuliza kwa Kikipsigis mtoto yule anasema nini. Chepkirui alipomweleza, bibi yule alicheka mpaka akakohoa. Alikubali kwamba baraka hairudiwi. Hata hivyo, alisema, hakuna aliyemkataza kumshika mjukuu wake.

Chepkirui akaingia garini. Kogo akamshika mashavu kwa mikono miwili.

Anti Adongo alikuwa amefika. Aliifuta adapta kwa leso, lakini lenzi iliendelea kuhangaika. Akazima fokasi ya kamera, ile ya lenzi kujivuta yenyewe, akamrudishia Velma. "Zungusha pete ya lenzi kwa mkono," alisema. "Polepole. Usibonyeze kabla hujaona kope."

Velma alizungusha, akapitiliza, akarudi. Kisha akaziona kope, na mikunjo iliyozunguka macho ya Kogo, na chozi la Chepkirui likiwa bado halijadondoka. Akabonyeza. Alipoikuza, kila unywele ulihesabika.

Chepkirui aliposhuka na gari kuondoka, Mzee Kiplimo alimwendea anti. Kwake, alisema, watoto hawasimamishi gari la wazee. Alitaka anti na Velma waombe msamaha mbele ya wageni.

Anti alimgeukia Chepkirui kwanza. Alimwomba radhi kwa picha za baraka zilizopotea, akasema kosa lilikuwa lao wala si la lenzi. Velma naye akaomba radhi, macho yakiwa chini.

"Inua kichwa," anti alimwambia. "Ulikosa ulipokimbilia kazi na mikono michafu, na hilo utalijutia. Lakini ungesema wiki ijayo, ungekuwa umekiri tu. Umesema leo, umeokoa kitu. Ukikosea, sema wakati bado kuna la kufanya, hata kama watu wazima wamekasirika."

"Na gari?" Mzee aliuliza.

"Kwa gari, Mzee, hapana," alisema Anti Adongo. "Nakuheshimu, na hapa ni kwako. Lakini siombi msamaha, na mtoto huyu pia haombi."