Kizazi cha Nne

Kaunta ya mizigo kwenye kituo cha mabasi ilikuwa imefurika. Mtafiti mmoja, aliyevaa gauni la kijani na raba zenye tope, alikuwa akivutana na mwanamume mrefu, wote wameshika kisanduku kimoja cha barafu.

"Kaka, hicho changu. Kina damu."

"Damu? Umemuua nani, dada?"

"Ya nguruwe. Fungua uone!"

Kweli kilikuwa chake. Yule bwana, daktari wa mifugo, alikuwa amefuata chanjo. Wakacheka, wakapeana namba.

Tangu hapo simu hazikukatika. Mtafiti alimweleza kazi yake: kuchora ramani ya vinasaba vya nguruwe, ijulikane ni kipi kinamfanya huyu akue haraka na yule azae watoto wengi. Alikuwa amewazalisha hadi kizazi cha tatu, akiwapima mmoja mmoja.

"Mama Vinasaba, unawapenda kuliko mimi," daktari alimtania.

"Wao wananenepa kwa ajili yangu, mpenzi. Wewe je?"

Kisha homa ya nguruwe ikaingia mjini. Daktari akachukua vipimo bandani kwa mtafiti. Jumapili walikula chakula cha mchana nyumbani kwa dada wa mtafiti; daktari alipiga soga, akawavunja mbavu wote. Kesho yake alirudi bandani na watu wa maovaroli meupe. Banda zima likamalizwa, wazima kwa wagonjwa, maana ugonjwa ule hauna tiba.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Majibu yalitoka Jumamosi. Tumekatazwa kusema. Watu huwatorosha wanyama."

"Mimi ni watu?"

Daktari alipiga simu wee, hazikupokelewa. Mradi ukafungwa. Ramani ilihitaji kizazi cha nne, nacho kilikuwa tumboni mwa majike waliouawa.

Mwishowe daktari alimfuata ofisini, shati limepigwa pasi, pete mfukoni. Akamkuta anafungasha.

"Nisamehe, mpenzi. Nataka nikuoe."

Mtafiti aliweka daftari lake ndani ya boksi.

"Kuwaua ilibidi, hilo nimelimeza. Ila ile Jumapili ulicheka vizuri mno. Kila ukicheka nitajiuliza unanificha nini."

"Nitabadilika."

"Nakupenda bado. Ndiyo shida yenyewe."

Daktari akambebea mkoba wa kompyuta. Wakashuka ngazi. Mlangoni mtafiti akauchukua taratibu, akamwambia arudi kazini.