Gari Lililokalishwa Eda

Siafu mia mbili wa chuma walitoka kwenye sanduku la Fundi Zaituni, wakajipanga mstari, wakapenya chini ya boneti. Hao ndio siafu-fundi. Kila mmoja hazidi punje ya mchele, na wakiingia ndani ya gari hugusa kila waya na kila nati, kisha hurudi na jibu moja. Dakika nne baadaye walitoka, na sanduku likasema: "Hakuna kilichovunjika. Betri kubwa imejaa."

"Imejaa na gari haliwaki?" Bi Kibibi alimaka. "Hao siafu wako wameingia kulala humo!"

Wifi yake, Bi Salha, hakucheka. Asubuhi ile ndiyo alikuwa ametoka eda, miezi minne na siku kumi tangu mumewe, Mzee Shekue, afariki. Hata kanga mpya hajaizoea mwilini, simu ikaita kutoka Lushoto: binti yake Hidaya ameshikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza, na anamlilia mama yake. Ukungu ulikuwa umefunika milima, vyombo vyote vya anga vimezuiwa kuruka. Na katika Tanga hiyo ya mwaka 2094, mtaa mzima ulibakiwa na gari moja tu la magurudumu, hili la marehemu.

Zaituni alipapasa paa. "Mama, gari hili lilikuwa limefunikwa?"

Bi Kibibi alijitia kutazama kucha zake.

"Wifi!" Bi Salha aliita.

"Haya, mimi nililifunika turubai. Kaka yangu alilipenda gari lake kama mke wa pili. Nikasema basi nalo likae eda. Kosa liko wapi?"

Zaituni alieleza taratibu. Gari lina betri mbili. Kubwa huzungusha magurudumu. Ndogo imo ndani ya ubongo wa gari, na kazi yake ni kuuamsha ubongo huo. Hiyo ndogo hulishwa na kioo-jua cha paani. Chini ya turubai miezi yote hiyo imekufa njaa, na ubongo usipoamka, betri kubwa haifunguki.

"Si uipe umeme, mwanangu?" Bi Salha aliomba.

"Naweza, dakika tano tu. Lakini ubongo ukipewa umeme wa nje hudhani umevamiwa na mwizi. Hufuta kila unachokumbuka, ndipo uwake. Hata sauti ya marehemu itafutika, mama."

Gari lilijiendesha na kusema lenyewe, na Mzee Shekue alikuwa ameliazima sauti yake. Siku zote za eda Bi Salha alijifariji: nikitoka, nitaingia garini, nitamsikia. Sasa alishika mlango kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka.

"Futa," alisema. "Aliye hai kwanza."

"Asifute mtu!" Bi Kibibi alipiga kelele. "Babu yetu alikuwa na gari la petroli, likigoma kila Ijumaa. Hatukulifuta. Tulilisukuma!"

Zaituni alitaka kucheka, kisha akafikiri. Gurudumu likizunguka, mota nayo huzunguka. Mota ikizunguka, huzaa umeme. Na umeme uliozaliwa ndani ya gari lenyewe, ubongo hauwezi kuushuku.

"Jamani," alisema, "tusukume."

Aliwarudisha siafu ndani wakalegeza breki. Roboti mfagiaji wa mtaa aliombwa msaada, akajibu kwa adabu kwamba kazi hiyo haimo kwenye ratiba yake. Bi Kibibi alimsonya, akawaita majirani. Wakatoka: muuza maandazi na unga mikononi, imamu amekunja kanzu, na vijana ambao hawajapata kugusa gari maishani mwao. Bi Salha aliketi ndani, kwenye kiti chake cha siku zote.

"Moja, mbili, tatu, heya!"

Gari likaanza kuteremka. Hatua ishirini, kimya. Hatua hamsini, kimya, na imamu anahema. Kwenye kona ya msikiti taa za mbele zikapepesa, zikazima, zikawaka.

Ndani, sauti nzito ilikohoa kidogo.

"Mama Hidaya, mkanda."

Kwa mkanda huo Bi Salha na mumewe walibishana miaka thelathini. Yeye alisema unamkunjia kanga. Mumewe haondoki mpaka aufunge. Bi Salha aliangua kilio huku anauvuta. Nje, Bi Kibibi alikuwa akipiga vigelegele, kiatu kimoja kimemvuka.

"Nimefunga, Baba Hidaya," alisema. "Haya, twende ukamwone mjukuu wako."