Mkono wa Tatu kwenye Fimbo

Jua lilikuwa limeshagusa bahari, na kazi ilibaki kipande kimoja tu. Kutoka kwenye sahani ya chuma niliyoisimamia mimi, mpaka nguzo ya saruji iliyoko ncha ya kaskazini ya kisiwa chetu, Bikenang. Kipande kifupi. Ukipiga kelele huku, mtu wa kule anakusikia.

Kushika fimbo ya wapimaji si kazi ngumu kuieleza. Fimbo ni ndefu kuliko mlango wa nyumba, imeandikwa namba kuanzia chini mpaka juu. Unaisimamisha juu ya sahani ya chuma, unaangalia pimamaji iliyofungwa mgongoni mwake mpaka kiputo cha hewa kikae katikati, halafu unatulia. Mpimaji anachungulia kwenye darubini yake na kusoma namba. Akishasoma anabeba darubini, anakupita, anaisimika mbele yako. Wewe unaigeuza fimbo imtazame, palepale, juu ya sahani ileile. Kisha unasubiri.

Ukiondoka kabla hajakuruhusu, au sahani ikisogea hata unene wa ukucha, mstari wote mliopima tangu asubuhi umekufa.

"Kinaai, usimwache huyo mtoto wa chuma," Bi Losena aliniambia akinipita, stendi ya miguu mitatu iko begani.

"Simwachi, mama."

Bi Losena alikuwa kiongozi wa wapimaji. Mtu wa Fiji, mnene, mwenye kofia ya ukili na sauti ya chini ya mtu asiyehitaji kupiga kelele. Alikuwa amepima visiwa ambavyo mimi navijua kwa kuvisikia redioni tu. Wazee wetu walikuwa na swali moja: bahari inapanda, au ardhi inashuka? Yeye alisema swali hilo lina jibu, na jibu linaanzia kwenye kipimo cha maji pale gatini na kuishia kwenye nguzo ile ya saruji.

Nyuma yake alifuata mjomba Baraniko na fimbo ya pili. Ndiye aliyewaleta kwa boti asubuhi ile. Mshika fimbo wao alikuwa ameugua kwenye kisiwa walichotoka, basi mjomba akanitaja mimi.

"Akisinzia huyu mmpigie kelele," mjomba alisema. "Siku aliyozaliwa hakulia. Alipiga miayo."

"Mjomba, nenda zako!"

"Naenda. Ukiota mizizi hapo, kesho tutakukwea tugeme tembo."

Nilicheka. Nilikuwa na furaha siku ile, na sababu nitaieleza. Niliacha shule kidato cha pili, bibi alipovunjika nyonga na mama yuko ng'ambo akichuma matunda ya watu. Nikaja Bikenang kumuuguza. Miaka miwili. Bibi alishapona, anatembea na mkongojo, ananifokea mwenyewe. Lakini hakukuwa na mahali pa kurudi. Mchana ule, tukila samaki na magimbi, Bi Losena alinitazama vidole akasema, "Una mkono uliotulia. Tukifunga mstari wa leo vizuri, kesho panda boti nasi. Visiwa vimebaki vingi, na mwisho wa safari kuna chuo."

Bibi alisikia. Akasema, "Mchukue kabla sijabadili mawazo."

Kwa hiyo mniache niseme ukweli: ningesimama kwenye sahani ile hata kama ingekuwa jiko.

* * *

Walinipita wote wawili, wakaniacha peke yangu kati ya mikadi na mashimo ya magimbi ya zamani, yale ambayo hakuna anayeyalima tena. Niliigeuza fimbo. Mbele, Bi Losena alikuwa akisimika stendi. Mbele zaidi, mjomba alikuwa kivuli tu kando ya nguzo.

Juu ya minazi wagema walikuwa wakiimba, kama kila jioni wanapokata tembo. Mmoja anaanza, mwingine anamjibu kutoka mnazi wa mbali.

Kisha wimbo ukakatika. Katikati ya neno.

Nikatega sikio. Bahari ya upande wa nje ilikuwa ikipiga miamba. Basi. Hata nzi hakulia.

Redio ya mkononi iliyoning'inia shingoni mwangu ikakwaruza. "Kinaai, giza linaingia. Nakumulika."

Mwanga wa tochi ukatua kwenye fimbo. Nikaangalia kiputo. Kilikuwa katikati kabisa.

Hapo ndipo harufu ilikuja.

Mafuta ya nazi. Si ya kupikia. Yale yaliyochemshwa na maua... yale anayopakwa maiti kabla ya kulazwa kwenye mkeka. Ilikuja polepole, kama mtu anayesogea bila haraka, mpaka ikawa imesimama nyuma ya sikio langu.

"Kinaai." Sauti ya Bi Losena redioni. "Unaikandamiza fimbo?"

"Hapana, mama. Nimeishika tu."

"Inashuka."

Nikatazama miguu yangu. Mchanga ulikuwa mkavu, sahani ilikuwa pale pale kati ya vidole vyangu. Sikuhisi kitu.

"Mimi naiona sawa, mama."

"Namba zinapanda kwenye darubini. Taratibu. Maana yake fimbo inazama." Akachungulia tena. "Inazama bado. Tulia, mwanangu. Usisogee."

Nilitulia. Nilikuwa nafikiria boti. Nilikuwa nafikiria kwamba sahani ikizama mstari umekufa, na mstari ukifa nabaki hapa na mashimo haya. Nikaona niinue kidogo, nimsaidie.

Mikono yangu haikutii.

Haikuuma. Ilikuwa imeshika fimbo kama inavyoshika siku zote, ila nilipoiambia ilegee, haikulegea. Nikaiambia miguu irudi nyuma. Nayo ikabaki. Nilikuwa mzima kuanzia shingo kwenda juu. Chini ya hapo nilikuwa sehemu ya ile fimbo.

"Mama..." nilinong'ona. Redio ilikuwa karibu na kidevu changu, imewaka, namshukuru Mungu. "Mama, siwezi kuachia."

Nilimwona Bi Losena kwa mbali ameinama kwenye darubini, hainui kichwa.

"Kinaai. Nani ameshika fimbo pamoja nawe?"

"Hakuna mtu, mama. Niko peke yangu."

"Naona mikono mitatu."

Nikaitazama mikono yangu. Wa kulia juu, wa kushoto chini. Miwili. Kati ya hiyo miwili palikuwa na nafasi ya kiganja kimoja, na pale kwenye nafasi, rangi nyeupe ya fimbo ilikuwa na unyevu. Ukungu mdogo, kama unaoachwa na kiganja chenye joto kwenye kioo.

Ukungu ule ulikuwa na vidole.

Sikupiga kelele. Watu huniuliza kwa nini. Sikuwa na pumzi ya kelele.

Kutoka kule nikasikia mjomba akisema kwa nguvu, bila mzaha hata kidogo, "Bi Losena! Huyu mtoto mlimpeleka akasalimie?"

"Akasalimie nani? Si wa hapa?"

"Ni wa hapa..." Sauti ya mjomba ikashuka. "Ee Mungu wangu. Ni wa hapa."

Niseme jambo hili, maana ndilo lenyewe. Kwetu mgeni hakanyagi kisiwa hivihivi. Anapelekwa kwanza mahali pa mwenye kisiwa, yule asiyeonekana, anaacha tumbaku, anapakwa mchanga mashavuni, ili ajulikane. Asubuhi ile Bi Losena alipelekwa. Mzee Tiaon, mlinzi wa mahali pale, alimpaka, naye akauacha mchanga usoni kutwa nzima kama inavyotakiwa, udondoke wenyewe. Mtoto wa kisiwa hapelekwi hivyo. Anapelekwa akiwa mchanga, mikononi mwa mama yake. Mimi nilizaliwa mjini. Nilikuja mkubwa, nimebeba begi na dawa za bibi. Nilikuwa damu ya pale, na kwa hiyo hakuna aliyefikiri.

"Baraniko, laza fimbo, njoo ushike darubini," Bi Losena alisema. "Chungulia. Usiache kuchungulia. Niambie unachokiona."

"Mama, mstari..." nilisema.

"Mstari potelea mbali."

Niliyasikia maneno yale nikalia. Nilijua kazi yake ya kutwa imekwisha, na ameiua mwenyewe.

Alikuja akitembea, si kukimbia, tochi ameielekeza chini. Alipofika, kofia ilikuwa imeanguka mahali. Akanitazama mimi, kisha pale kati ya mikono yangu, kisha macho yakapita haraka.

"Unasikia harufu?" nilinong'ona.

"Nasikia. Nyamaza."

Akaweka mikono yake miwili kwenye fimbo, juu ya yangu. Ilikuwa ya moto, ina chumvi. Akainamia redio iliyokuwa shingoni mwangu.

"Baraniko. Mikono mingapi?"

Redio ikakwaruza.

"Mitano."

Akavuta fimbo. Fimbo ikagoma. Akavuta tena, mtu yule mzito, mpaka akaguna, na mimi nikavutwa pamoja nayo kama kitambaa kwenye mti. Badala ya kupanda, tulishuka wote. Sasa nilihisi. Mchanga ulikuwa umefika kwenye vifundo vyangu, mchanga wa baridi, wa chini, ambao haujawahi kuona jua.

"Mzee Tiaon aitwe," nilisema.

"Yuko mbali." Alikuwa akihema. "Mimi si wa kwenu, Kinaai. Sijui maneno yenu. Nitafanya ninachokiweza."

Akaweka shavu lake juu ya shavu langu. Akalisugua, kwa nguvu, upande mmoja, kisha wa pili. Chembe za mchanga wake zilinikwaruza ngozi. Alikuwa ananong'ona kwa lugha ya kwao, sijui kama ni sala au anaomba radhi. Nilisikia jina langu ndani yake.

"Baraniko. Mingapi?"

Redio ilikwaruza tu.

"Baraniko!"

"Minne," mjomba alisema. Alikuwa analia. "Minne, mama. Ule mwingine umeachia. Umeachia, lakini..."

Vidole vyangu vilifunguka vyenyewe, nikaanguka chali. Bi Losena alinikokota kwa kwapa mpaka kwenye njia. Fimbo ikalala mchangani nyuma yetu bila sauti. Sahani ya chuma hatukuiona tena, na hakuna aliyerudi kuichimba.

* * *

Jioni ileile, kabla chakula hakijaiva, Mzee Tiaon alinipeleka mwenyewe na tumbaku yake mwenyewe.

"Miaka miwili?" alikuwa akirudia njia nzima. "Miaka miwili, na hakuna aliyemleta?"

"Nilidhani bibi yake," mjomba alisema.

"Mimi nilidhani mama yake!" bibi alifoka kutoka nyuma, mkongojo ukipiga changarawe. "Na wewe Baraniko, mdomo wako unaongea kutwa, hili ungeshindwa kuuliza?"

Nilipakwa mchanga. Nilitajwa jina la baba na la mama. Tuliporudi nikamuuliza mzee kama mwenye kisiwa ameudhika.

Alinijibu tukiwa tunatembea.

"Angeudhika ingekuwa rahisi. Mwenye kuudhika huombwa radhi, mambo yakaisha." Akanitazama mikono. "Lakini wewe mwenye kisiwa hakukugusa, mjukuu wangu. Hana mkono mdogo kama ule aliouona Baraniko."

Hakutaka kusema zaidi, na bibi akanivuta nyumbani.

Usiku nilimbana mjomba aniambie alitaka kusema nini redioni. Umeachia, lakini nini?

"Umeachia fimbo," alisema. "Ukaenda ukashika nguo yako."

* * *

Asubuhi maji yalikuwa yamejaa na boti iko tayari. Bi Losena hakuwa na mstari wa kupeleka popote, lakini alinisubiri kandokando ya maji, akanishikia begi.

"Panda, Kinaai. Ahadi ni ahadi."

Masanduku ya vyombo yalishapakiwa. Yeye alipanda, mjomba akapanda. Nilipanda mimi, nikakaa nyuma, miguu nimeibana pamoja. Nilikuwa nacheka na kulia. Bibi alikuwa ufukweni akijifanya anafukuza kuku.

Mjomba alishika kamba ya mashine, kisha akaacha. Akainama nje ya boti, akatazama ubavuni. Mwanya wa miamba kule mbele ulikuwa umechafuka, povu jeupe, na boti hupita pale kwa bahati tu, hata ikiwa nyepesi.

"Tumekaa chini mno," alisema.

Bi Losena naye aliinama. Yeye macho yake yamezoea mambo ya usawa. Aliutazama mstari wa maji kwenye ubao wa boti kwa muda, halafu akanitazama mimi, na midomo yake ikawa myembamba.

"Begi lake lina nini?"

"Nguo tu," nilisema.

Hakuna aliyeniambia nishuke. Nataka hilo lijulikane. Bi Losena alikuwa ameshafungua mdomo aseme tupunguze masanduku, vyombo vibaki, niliona. Lakini mimi nilimtazama, na shavu lake lililokuwa halina mchanga tena kwa kunipa mimi, na yale mawimbi. Nikashuka mwenyewe. Maji yalinifika magotini.

Boti iliinuka.

Halafu, baada ya pumzi moja, ikainuka tena.

Mjomba aliona. Alivuta kamba bila kuniaga. Bi Losena aliniwekea kiganja hewani, wazi, kama mtu anayeambia kitu kitulie, akabaki hivyo mpaka walipovuka mwanya salama. Nilisimama majini nikiwaangalia. Sikugeuka kutazama pembeni. Mawimbi madogo yalikuwa yanakuja ufukweni yakipasuka kwenye magoti yangu, na yanapasuka tena, hatua moja kushoto kwangu, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Bi Losena ameshanitumia ujumbe. Nafasi yangu bado ipo. Mwezi huu inakuja meli ya mizigo, kubwa, ya chuma, isiyojali uzito wa mtu mmoja wala wawili. Bibi ameshanifungia mkeka na chupa ya mafuta. Nami nataka kwenda, nataka kuliko kitu chochote.

Ila wanaandika abiria pale gatini kabla ya kupanda. Nahodha atanitazama, ataniuliza tuko wangapi, na mpaka leo sijaamua nitamjibu nini.