Kiungo cha Kupitia Wasso

Naftali alimkanyaga Nailantei mguu mnadani Karatu, katikati ya mbuzi na moshi wa nyama choma.

"Samahani, mrembo."

"Macho umeyauza pamoja na mbuzi?"

Nailantei alivaa shuka jekundu juu ya jinzi, shanga zikicheza kifuani. Kumbe wote ni mafundi wa mtandao mmoja wa zahanati: Naftali wa Karatu, penye kitovu cha mtandao, Nailantei wa mbali huko Enguserosambu. Kufika jioni walikuwa wanaitana mpenzi.

Mtandao ule uligawanywa katika maeneo, na kila eneo lilipaswa kuungana na kitovu. Eneo la Enguserosambu lilipakana na la Wasso tu, halikugusa kitovu, likabaki yatima. Majibu ya vipimo vya wagonjwa hayakupita. Wakubwa waliahidi mnara, wakanunua magari. Naftali akasema basi watapitisha kiungo ndani ya eneo la Wasso mpaka kitovuni, kila upande uandikiwe namba ya mtambo wa mwenzake. Wa kwake akaumaliza. Wa Nailantei ukabaki, mwenyewe kasusa.

Sababu ilikuwa Edna, fundi wa Wasso. Kila Nailantei alipopiga simu, Naftali alikuwa anaongea na Edna.

"Kiungo kina pande mbili, wangu na wako," Nailantei alimwambia alipompata. "Wa katikati haandiki chochote. Edna unampigia wa nini?"

"Kazi, Nai wangu."

"Kazi gani isiyo na jina?"

"Nikikwambia nitakuingiza matatani. Niamini tu."

"Wote mnasema hivyo." Akakata.

Moyo haukutulia. Akampigia Edna mwenyewe, sauti kavu.

"Wewe na Naftali mna nini?"

"Ananisumbua, dada. Wakubwa waliamuru eneo langu lifungwe lisipokee njia za nje, eti kupunguza gharama. Likifungwa hivyo, kiungo hakipiti. Kila siku ananibembeleza nilifungue bila kibali, lawama abebe yeye. Leo nimelifungua. Bado wewe."

Nailantei akaandika namba ya mtambo wa Naftali. Kiungo kikashika, majibu yakaanza kumiminika.

Wakubwa hawafiwi na mtu kwa kukosa majibu. Naftali alibeba lawama ya kufungua eneo bila kibali, wakamfukuza wiki ileile.

"Sina kazi," alimwambia Nailantei kwenye simu.

"Njoo huku."

"Nije kama nani?"

"Edna anajua umefukuzwa?"

"Hajui. Nimekupigia wewe kwanza."

"Basi njoo na wazee wako. Baba ndiye atakayekwambia umekuja kama nani."