Masanduku ya Walikale

Karatasi zilikuwa zimeanikwa barazani, kila moja na jiwe lake juu, na karani Jérôme alikuwa amepiga magoti akizigeuza upande wa pili kama mtu anayegeuza mihogo. Mvua ilikuwa imepenya paa la ghala la ofisi ya teritwari, yaani wilaya, ya Masisi, na asubuhi hiyo jua lilikuwa limejitokeza kidogo. Ilikuwa siku ya soko. Uani walijaa wanawake wenye vikapu vya maharagwe na wanaume waliofuata vitambulisho, wote wakisema kwa wakati mmoja.

Upepo ukateremka kutoka vilimani, ukanyakua karatasi moja kabla hajaiwekea jiwe. Ikapita kati ya miguu ya watu mpaka kiatu cha plastiki, chekundu kwa udongo wa njiani, kikaikanyaga.

"Usitoe muguu, dada," alisema Jérôme.

"Nikae hivi mupaka lini?"

"Mupaka nifike. Ukiutoa, hiyo karatasi itaenda Goma."

"Sasa nimekuwa jiwe lako?"

"Jiwe yenye kuvaa kikwembe kizuri hivi, sikuwa nayo bado."

Kikwembe chenyewe kilikuwa kitenge cha manjano, kimechorwa ndege wa samawati, na kitambaa cha kichwani kilikuwa cheupe ingawa alikuwa ametoka kushuka kwenye lori la mafuta ya mawese. Alikuwa mrefu, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuwatazama wateja kabla hawajasema wanachotaka. Jérôme, na shati lake ambalo kola yake ilikuwa imegeuzwa mara moja tayari, alijiona mfupi ghafla.

"Niko nakanyaga nini?" aliuliza dada huyo.

"Parseli ya muntu, kiwanja chake. Ya kule Walikale."

"Mimi nimetoka Walikale kutafuta parseli, njo naipata chini ya kiatu?"

"Hii haiko ya kwenu, pengine. Lakini ni jirani yake."

Hivyo ndivyo Kavugho alivyofika. Baba yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, aliyehamia Walikale na kujenga duka la chumvi na vikwembe. Alikuwa amefariki mwaka huo. Sasa Eugène, baba mdogo wa Kavugho, alisema kiwanja kiliandikwa kwa jina lake yeye, na huenda aliamini hivyo kweli, maana ukuta wa nyuma aliujenga kwa mikono yake mwenyewe. Shauri lingesikilizwa mwanzo wa kiangazi. Bila nakala ya maandishi ya kwanza, Kavugho na mama yake, Mama Emérita, wangetoka dukani na vikwembe vyao kichwani.

Maandishi hayo hayakuwa Walikale tena. Wakati wa machafuko, mwaka wa 1964, karatasi zote za ofisi ya kule zilitiwa katika masanduku ya chuma na kuletwa Masisi kwa lori. Miaka miwili ilikuwa imepita na hakuna aliyekuwa amezirudisha.

Jérôme alimpa karatasi nyeupe na kalamu. "Andika ombi. Jina lako, unachotaka, na sababu. Usiandike 'ninaomba musaada'. Andika 'ninaomba kopi'. Ukiomba musaada, watakuombea Mungu. Ukiomba kopi, watapashwa kukujibu."

Kavugho alipomaliza, Jérôme aliligonga kashe, muhuri wa ofisi, na kuandika tarehe.

"Papa yako aliandikisha mwaka gani?"

"Nilikuwa mutoto wa mugongoni."

"Hiyo haiko mwaka."

"Kwa mama yangu, njo mwaka."

Jérôme alicheka kimyakimya. "Batu bote banakuja na jina. Jina halitusaidie. Wazungu balipanga parseli kwa kufuata barabara, nambari moja baada ya ingine. Niambie nani alikaa kuume ya papa yako, na nani kushoto."

Hilo Kavugho hakulijua. Ikabidi kumuuliza mama yake kwa foni, ile mashine ya redio iliyokaa kwenye kona ya Papa Nestor, karani wa pili, mtu mzito na mpole ambaye hakuwahi kumaliza jambo lolote siku aliyolianza. Foni ilisikika na kila mtu: waliopanga foleni mlangoni, na vituo vyote vilivyofungua mashine zao saa hiyo. Ukimaliza neno lako ulisema "nakupatia", ndipo mwingine akajibu.

"Mama, nani alikuwa jirani yetu pale mwanzo? Nakupatia."

"Kuume alikuwa fundi wa viatu, Hakorimana. Kushoto hapakuwa muntu, palikuwa majani. Unakula vizuri? Nakupatia."

"Ninakula, mama. Karani ananisaidia. Nakupatia."

"Karani gani? Kijana ao muzee? Nakupatia."

Watu mlangoni wakacheka. Kavugho alimtazama Jérôme, akabonyeza kitufe. "Katikati, mama. Nakupatia."

Kutoka siku hiyo alikuja kila asubuhi kutoka kwa Adelaïde, mke wa mwenye duka mmoja wa pale, aliyempa chumba. Sheria haikumruhusu kushika karatasi, lakini hakuna aliyemkataza kukaa benchini. Jérôme alifungua masanduku, akasoma kwa sauti majina ya majirani wa watu, naye akasikiliza.

"Unasoma kama padri," alisema siku moja.

"Na wewe unasinzia kama mukristo."

"Sisinzii. Niko nasikia sauti yako tu, maneno nayaacha yapite."

Jérôme alipoteza mstari, akaanza ukurasa upya. Alikuwa mtoto wa wakulima wa maharagwe wa mlima wa pili kutoka pale, Wahunde, na hakuna msichana aliyewahi kumwambia neno la namna hiyo katikati ya kazi. Ijumaa, Kavugho alimwalika kwa Adelaïde Jumapili baada ya misa. Kungekuwa na kuku na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa.

"Nitakuja," alisema Jérôme. "Hata mvua ya mawe ikinyesha."

Jumamosi habari ililetwa na foni. Hakimu wa Walikale alikuwa ameikataa nakala ya kiwanja cha mtu mwingine, kwa sababu karani aliyeitia saini alikuwa mbioni kuoa dada wa mwombaji. Hakuuliza kama nakala ilikuwa ya kweli. Aliuliza tu nani aliitafuta, na karani huyo alikuwa amekula kwao.

Jumapili kuku alipoa mezani. Kavugho alikuwa amevaa blauzi ya lesi aliyoazimwa na Adelaïde, na alibaki nayo mpaka jua lilipozama.

Jumatatu alipofika, Jérôme hakuinua macho. "Ungojee zamu yako, mama."

"Mama? Ijumaa nilikuwa Kavugho."

"Mbele yako kuko batu."

Akangoja. Alipofika mezani, Jérôme alimwambia kwamba utafutaji unaendelea, na kwamba haifai akae benchini. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusoma nambari. Kavugho alijua Eugène alikuwa na marafiki katika kila ofisi. Akaunganisha vitu viwili ambavyo havikuwa na uhusiano, kama afanyavyo mtu aliyeumizwa, akaenda moja kwa moja kwenye foni.

"Mama, karani amegeuka. Nafikiri iko upande wa baba mudogo. Nakupatia."

Ukuta kati ya vyumba viwili ulikuwa wa mbao. Jérôme alisikia kila neno, akaendelea kushika kalamu bila kuandika.

Kesho yake Kavugho alikuja akiwa amefunga mzigo wake. "Nipatie ombi yangu. Ninarudia kwetu. Nitaenda kusema mbele ya hakimu kama sikupata."

"Usifanye hivyo. Jana nilipata ukurasa wa Hakorimana; wa papa yako hauko mbali."

Kavugho alikaa bila kuombwa. "Sasa juu ya nini unanifanya kama muntu hujamuona hata siku moja?"

Jérôme alifunga mlango, kisha akaufungua tena, maana mlango uliofungwa ungesema zaidi. Akamweleza habari ya hakimu, polepole, toka mwanzo.

"Ungeniambia," alisema Kavugho.

"Ningekuambia, ungejua. Hakimu akikuuliza kama kuko kintu kati yetu, ungepashwa kudanganya. Nilitaka useme 'hapana' na iwe kweli."

"Na iko kweli?"

"Upande wako sijue."

Uani mtu alikuwa akibishana juu ya umri wake na mwandishi wa vitambulisho. "Wewe muntu," alisema Kavugho, "ulinitunza vizuri sana mupaka ukanitupa. Sasa nimeshajua. Hiyo 'hapana' siwezi kuisema tena."

"Najua. Njo maana nilinyamaza."

"Basi uliza."

"Niulize nini?"

"Jérôme, usinifanye niandike ombi."

Akauliza. Aliuliza vibaya, kwa maneno mengi, akataja mama yake, padri na mahari ambayo alikuwa hajaianza. Kavugho alimwacha afike mwisho.

"Ukikubali," aliongeza, "sitashika tena dosye, faili yenu. Itabaki kwa Papa Nestor, na atapashwa kuanza sanduku ya kwanza, yeye peke yake, bila mimi kumuonyesha. Kiangazi iko karibu. Munaweza kupoteza duka."

"Duka haiko yangu peke yangu."

Akarudi kwenye foni. Alimweleza mama yake yote, na foleni yote mlangoni ikanyamaza ili asikike vizuri. Mashine ilikoroma.

"Anasali wapi? Nakupatia," ilisema sauti ya Mama Emérita.

"Ni Mukatolika, mama. Ni Muhunde. Nakupatia."

"Eugène ni shemeji yangu, namujua. Karatasi ikiwa na kitu nyuma yake, atakivuta mupaka kitoke. Waanze tena. Na huyo karani umuambie, nikitoka kwa hii nyumba, nitakuja kulala kwake. Nakupatia."

Kituo kimoja cha mbali, ambacho hakuna aliyekijua, kikaingilia kusema pongezi.

Jérôme alimwandikia administrata, mkuu wa ofisi, mistari michache, akatangaza ahadi yake ya ndoa na kuikabidhi kazi. Papa Nestor alisoma ombi mara mbili, akavua koti, akafungua sanduku la kwanza. Alilamba kidole kwa kila ukurasa. Jérôme alihamia upande mwingine wa baraza kuandika vitambulisho, mgongo ukiwa umeelekea masanduku. Kavugho alikaa benchini, maana kukaa na Papa Nestor hakukumtia mtu shaka.

Saa ya kufunga ilipofika, sanduku la pili lilikuwa nusu. Papa Nestor aliweka jani la nyasi mahali alipofika, akafunga kufuli, akautia ufunguo mfukoni.

"Tutaendelea kesho, binti yangu."

Kavugho na Jérôme walishuka njia ya kwenda kwa Adelaïde, mbele ya macho ya soko lote lililokuwa likifungwa. Ukurasa wa Hakorimana ulikuwa katika mojawapo ya masanduku yaliyobaki, na Jérôme alijua ni lipi. Neno moja lingemwokolea Kavugho siku nyingi. Naye alijua kwamba mwenzake anajua. Walipita kanisa, wakapita kisima. Hapakuwa na mtu wa kuwasikia.

"Jérôme."

"Eeh, mupenzi."

"Sombe unaikulaka na pilipili ao bila pilipili?"

Jérôme alikuwa amejiandaa kwa swali lingine.

"Na pilipili."

"Muzuri. Papa Nestor anafika saa ngapi?"

"Saa mbili. Anasema saa mbili, anafika saa tatu."

"Basi nitakuwa pale saa mbili," alisema Kavugho, akamshika mkono.