Hakula Mpaka Saa Nane

Nilimwibia rafiki yangu simu saa kumi na moja alfajiri, akiwa amelala.

Ndiyo, mimi. Msinitukane bado, someni kwanza.

Simu ilikuwa chini ya mto wake, na mkono wake ulikuwa umeilalia. Nikauinua mkono kidogo, nikaivuta simu taratibu... akageuka upande wa ukutani, akashusha pumzi. Niliganda pale sijui dakika ngapi. Kisha nikaizima, nikaitumbukiza kwenye begi langu, chini kabisa, chini ya mkate.

Nje kulishapambazuka. Kiangazi cha huku jua halina adabu, linaingia dirishani kabla mtu hajamaliza usingizi.

Nikakaa kitandani kwangu.

Mama yake alikuwa amefariki... na kazi ya kumwambia nilikuwa nimepewa mimi.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nimechoka na sitaki kurudia.

Mimi na huyu dada jina letu ni moja, ndiyo maana tunaitana somo. Tuna mwaka wa tatu ugenini, chumba kimoja, kazi moja: tunafua kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Shuka, taulo, nguo za kulalia. Mashine sita na mvuke mpaka kope zinalowa. Ukirudi nyumbani hata kuvua viatu unaona ni safari.

Jana yake jioni kaka mkubwa wa somo alinipigia mimi. Nikatoka nje kwenye ngazi kuongea.

"Dada, mama ametutoka," alisema. "Tunamzika kesho. Kwa saa za huko kwenu itakuwa saa saba mchana."

"Kaka, na huyu?"

"Kuja hawezi, tunajua. Karatasi zake bado ziko uhamiaji, akitoka harudi. Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye ndugu yake huko. Usimwambie akiwa peke yake. Usimwambie kabla hajala, maana akishajua hatatia kitu mdomoni. Na simu yake ichukue, hawa watoto wa siku hizi watamtumia picha za jeneza."

Wengi wenu mnaijua hiyo. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba na tumbo tupu. Unamlisha kwanza, unamketisha, mnakaa wengi, ndipo mmoja anafungua mdomo.

Na mimi nilikuwa na sababu yangu. Mwaka juzi nilikuwa kazini, shuka la mtu mkononi, nikafungua simu nikakuta mtu kaniandikia: pole sana kwa msiba. Nikamjibu: msiba gani? Hivyo ndivyo nilivyojua baba yangu hayupo. Shuka lile nililikunja, nikaliweka kwenye rafu, nikachukua lingine. Nikaapa mtu wangu hatapata habari namna ile.

Sasa, bahati mbaya au nzuri, siku hiyo ya mazishi ilikuwa ndiyo siku yetu. Tuko wanne: mimi, somo, Mama Pacha anayefanya usafi kituo cha basi, na Kinyozi. Miezi miwili tulikuwa tunaomba ofu, mapumziko ya kazi, ilingane siku moja tu, tukatembee. Tulishaichagua njia: unashuka basi kwenye kijiji kimoja, unakata mashamba ya ngano na msitu kwa miguu, unapanda basi kijiji cha pili jioni.

Niliwaandikia wale wawili usiku uleule. Kinyozi akajibu: "Twende hivyohivyo. Tutakuwa wote, tutakula, utamwambia."

"Mbona mimi? Si useme wewe, mwanamume?"

"Mimi nitalia kabla sijamaliza sentensi."

Mpango ukawa huo. Tukifika juu kilimani tunakula, namwambia, tunamshika.

Asubuhi somo alipekua mto, akapekua blanketi, akanitazama.

"Somo, hujaiona simu yangu?"

"Si jana uliiweka chaji kule kazini? Utakuwa umeisahau."

Nilisema bila hata kupepesa. Akanitazama tena kidogo.

"Huenda," akasema. "Basi ikae hukohuko."

Nilishukuru Mungu kwa uongo wangu, fikirieni.

Tukaanza kutembea saa nne. Siku nzuri mpaka inakera. Ngano imeiva, anga halina hata doa la wingu, watu wanapita na mbwa wao wanatusalimia. Kinyozi alibeba chakula: mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, chupa mbili za maji. Na alikuwa kavaa viatu vya sherehe.

"Hivi wewe unakwenda kutembea au kuposa?" Mama Pacha akamuuliza.

"Huwezi kujua utakutana na nani msituni."

Somo akacheka. Nikaona nachelewesha kitu kibaya.

Baada ya saa moja tukapata benchi.

"Tule kidogo," nikasema.

"Kuleni tu, mimi sina njaa," akasema somo.

"Hukunywa hata chai."

"Baadaye, somo. Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na robo," Kinyozi akasema.

Tukatazamana sisi watatu. Na sisi hatukula. Utakulaje mbele ya mtu ambaye umeficha kifo cha mama yake kwenye begi?

Tukaendelea. Kinyozi akawa anamwambia pole kila hatua. Akijikwaa, pole. Akipiga chafya, pole. Akifunga kamba za kiatu, pole sana dada yangu. Mama Pacha akamfinya kiuno mpaka akaruka.

Kilimani tukatandika mtandio wa Mama Pacha chini ya kivuli. Akamenya yai, akalitia chumvi, akamsogezea somo mpaka mdomoni kama anavyowafanyia pacha wake.

"Kula hata nusu, mwenzangu. Utaanguka."

"Sianguki."

"Ndizi je?"

"Nitakula, nimesema. Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu," Kinyozi akasema.

Nilianza kukasirika, sitawaficha. Miguu inawaka moto, njaa inanikata, nimelala kwa saa mbili tu, na huyu dada leo ndiyo kaamua kudeka. Kula basi nikuue vizuri, nilisema moyoni. Mungu anisamehe.

Somo akasimama, akakung'uta nyasi kwenye sketi.

"Tutembee," akasema.

Njia ya kuteremka ilikuwa nyembamba, inapita mtu mmoja tu. Yeye akatangulia. Mimi nyuma yake, Mama Pacha nyuma yangu, Kinyozi mwisho na mfuko wa chakula.

Alitembea polepole sana. Mikono ameifumbata kifuani, kichwa chini, haongei. Kinyozi akaanza kupiga mluzi, akaacha mwenyewe. Tukaingia msituni. Hakuna aliyesema neno zaidi ya saa nzima, zilisikika hatua zetu tu.

Mara moja somo alisimama. Akainama, akachota udongo kidogo pembeni ya njia, akauangusha. Nikadhani ameangusha kitu, nikamuuliza. Akaendelea mbele.

Tulipotokea upande wa pili palikuwa na gogo limelazwa kando ya njia. Akasimama hapo.

"Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika kumi."

Akakaa kwenye gogo, akanyoosha mkono.

"Nipeni lile yai."

Tukagombania kumpa. Akala yai lote. Akala mkate, vipande viwili, anatafuna taratibu na macho yako kwenye ngano. Akala ndizi. Akanywa maji, akajifuta mdomo kwa kiganja. Sisi tumesimama mbele yake tunamtazama kila tonge.

Halafu akanigeukia.

"Haya, somo. Nimeshakula. Niambie sasa."

Nikajifanya sielewi.

"Nikuambie nini?"

"Ulichotumwa."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu jana, hakuna hata moja lililotoka.

"Somo... kaka yako alinipigia..."

"Najua. Mama amefariki."

Kinyozi akaangusha mfuko.

"Umejuaje?" Mama Pacha ndiye aliyeweza kuuliza.

"Mdogo wangu wa mwisho alinipigia jana mchana, akanipa na saa ya mazishi. Nilikuwa natoa shuka kwenye mashine. Nikamaliza zamu, nikarudi nyumbani. Jioni nilipomwona huyu katoka kwenye ngazi na simu, karudi macho mekundu anasema ni vitunguu, nikajua kaka keshampata."

Tena hatukuwa tumepika kitu chochote, ndugu zangu.

"Na simu?" nikauliza, sauti inanitoka kama ya panya.

"Nilikuwa macho. Unaninyanyua mkono kama mkono wa maiti." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka kabisa. "Nikasema afadhali aichukue. Wangenitumia picha, na mimi nisingeweza kuacha kuzitazama."

"Kwa nini hukusema, somo? Jana usiku kucha?"

"Ningesema, mngenilaza kitandani mkanizunguka. Siku yenu moja ya mapumziko mngeimaliza mnanitazama. Na mimi nilikuwa nataka kutembea." Akatazama njia tuliyotokea. "Leo saa saba ya hapa, kule nyumbani wote walikuwa wanatembea nyuma ya mama. Majirani, watoto, hata wale waliokuwa hawasalimiani naye. Mimi mwanawe nilale chumbani?"

Akakung'uta makombo ya mkate mapajani.

"Nilijua hamtaniambia kabla sijala. Kwetu ni hivyohivyo. Nikasema basi sili. Sili mpaka azikwe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ule mwendo wa polepole msituni. Ule udongo. Sisi wanne kwenye mstari, kimya, na mimi nyuma yake nimemkasirikia kwa sababu ya njaa yangu.

"Ina maana sisi..." Kinyozi akaanza, hakumaliza.

"Ndiyo. Mmenisindikiza. Asanteni."

Kinyozi akakaa kwenye vumbi na viatu vyake vya sherehe, akalia kama mtoto. Mama Pacha akafuata. Na somo, mfiwa mwenyewe, akawa ndiye anayepita kutupiga mgongoni, huyu, kisha huyu, mpaka na yeye akaishiwa nguvu. Akakaa chini katikati yetu, akamwita mama yake mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita kutoka jikoni. Kisha akalia. Alilia muda mrefu, na sisi tukamshika, kazi tuliyoijia tangu asubuhi.

Basi la jioni tulilikosa. Tukasubiri linalofuata. Tulipokuwa tumekaa kituoni nikamtolea simu, nikamwomba msamaha.

"Sikukasirikii kwa simu," akasema. "Ila usinifiche tena, somo. Hata kama nini. Mkinificha mnaniongezea kazi. Nina msiba wangu, halafu inabidi nijifanye sijui ili ninyi msiumie. Jana na leo nimefanya kazi mbili, nimechoka."

Nikamshika mkono.

Basi ndugu zangu, mlio ugenini na mlio nyumbani mnaotutuma, nawaomba hili. Ukipewa habari ya mtu, mpelekee. Kaa naye, mshike mkono, mlishe kama anaweza kula, lakini usimpangie siku yake ya kujua kana kwamba ni mtoto mdogo. Inawezekana anajua tangu jana. Inawezekana anacheka utani wako, anakuuliza saa, na yuko katikati ya kumzika mama yake, peke yake, mbele ya macho yako.